Ukungu Ukianza

Nilihesabu silabi kwa kalamu nyekundu
ofisini Uyole, chai ikipoa:
neno fupi, alama njema; neno refu, kasoro.
Kanuni ilitoka mbali, kwenye lugha
ya maneno mafupi mafupi, vipande vya muwa.
Yetu hufunga mzigo mzima ndani ya neno moja
ikajitwisha, ikaenda.

Kipeperushi cha viazi kikapita.
Darasa la tatu, ikasema kanuni.
Ya pili, kwa karatasi ileile, ikasema kidato cha nne.
Nikaiamini ya kwanza. Ndiyo iliyonisifu.

"Ukungu ukianza, piga dawa."
Maneno manne, silabi kumi na moja.
Sikuwahi kuandika sentensi nyepesi kama ile.

Atuganile Mwakalobo wa Isongole
aliisoma bila kukwama.
Na huko Isongole ukungu huanza alfajiri
kila siku iendayo kwa Mungu:
hushuka kutoka msitu wa Rungwe, huvuka barabara,
hukaa juu ya matuta hadi saa nne
kama mgeni asiyejua kuaga.

Akapiga dawa. Kesho yake akapiga.
Siku tisa, bomba mgongoni, vidole vimekufa ganzi,
mpaka pakiti za mkopo zikaisha
na majani yakiwa mabichi, hayajaota hata doa.

Doa lilikuja wiki iliyofuata.

Nilipofika alikitoa kipeperushi kwenye khanga,
kimekunjwa mara nne.
"Nilikielewa chote," akasema.
Afadhali angenitukana.

Nikamsomea ile sentensi niliyoifuta,
ile yenye duara jekundu:
"Mvua itakapotunyeshea mfululizo,
tugeuze majani, tutazame madoa upande wa chini."
*Itakapotunyeshea.* Silabi nane, nikamwambia, neno gumu.
Akamtazama mwanawe, Lusekelo, miaka mitano,
mdomo umejaa kiazi.
"Itakapotunyeshea utafanya nini?"
"Nitaingiza kuni," akasema mtoto.

Kisha Atuganile akataja riba.
Silabi mbili tu.
Alilitamka polepole, kama anayekanyaga utelezi.

Kanuni sijaitupa.
Hunishika shati nikianza kujisikia,
sentensi ikinenepa mistari mitano.
Lakini naijua sasa: ni kile kifuniko cha soda
wanachopimia dawa huku;
kinajua kimejaa,
hakijui kimejaa nini.

Siku hizi, kabla ya kuchapa,
napanda Isongole na nakala moja.
Anasoma. Simwulizi kama ameelewa.
Namwuliza, kesho asubuhi utafanya nini?
Hujibu akiangalia nje.
Mara mbili sasa nimerudi Uyole
na karatasi imejaa mikwaruzo,
alama za kanuni zikiwa zimeshuka,
na hakuna aliyeniuliza kwa nini.