Kipimo cha Uwanja

Nilipanda na tepu ya mita hamsini,
penseli mbili, na barua ya ofisi ya ardhi
iliyogongwa muhuri Bukavu, mjini Nyawera:
pima uwanja wa bwami, chora, leta kabla ya Ijumaa.
Pikipiki iliniacha kwenye matope chini ya kilima.
Huku juu, dereva akasema, mtu hupanda kwa miguu.
Hakunieleza kwa nini. Akachukua franka zake.

Upande wa mashariki, mita arobaini na mbili.
Upande wa magharibi, thelathini na nane na nusu.
Nikapima tena. Nikalaumu tepu. Nikalaumu mteremko.
Mama Cibalonza alikuwa anafagia
kutoka kati kwenda kingoni,
bila hata mara moja kuupa mlango mgongo.
Akasema, kichwa hakijainuka:
Huo ukuta haujakosea.
Wewe ndiye umekuja umenyooka.

Zamani hapakuwa na ukuta. Palikuwa na matete
yaliyosukwa mawili mawili, upepo wa ziwa ukipenya,
na kila mtama mpya ulipoiva kila ukoo ulirudia kipande chake:
wa bondeni walileta matete, wa msituni kamba,
wasio na kitu wakaleta mikono.
Lango moja la ng'ombe, moja la watu,
na nyuma kabisa tundu dogo,
la mke aliyetaka kwenda kwao usiku.
(Hilo halimo kwenye barua yangu. Nimeliandika.)

Kisha akaja Mbelgiji wa wilaya na uzi wa timazi.
Alitaka pembe nne. Alitaka matofali.
Akaitwa fundi Ntabaza, aliyejenga shule ya mapadri
na choo cha mapadri,
vyote vimesimama wima hadi leo.
Pande tatu alizijenga kama alivyoagizwa.
Wa nne ulimshinda, au yeye aliushinda;
hapo ndipo masimulizi yanapogombana.
Alikuta chungu cha mbegu ardhini, akakizunguka.
Hapana, palikuwa na ng'ombe anazaa,
na ng'ombe akizaa hafukuzwi.
Binti yake, muuza makaa wa Kadutu,
aliniambia kwenye simu huku akihesabu chenji:
Baba alikuwa amekunywa kasiksi. Acheni kumtukuza.

Katikati ya uwanja pana jiwe bapa,
limelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu.
Hapo mwenye kesi alipiga makofi matatu
kabla ya kufungua kinywa.
Piga, Cibalonza akaniambia.
Nikapiga kwa aibu, kama anayekung'uta unga.
Ukuta wa mashariki ukanirudishia.
Wa kaskazini ukanirudishia.
Wa kusini kwa unyonge, maana una matundu ya risasi
tangu mwaka ule familia sitini zilipolala hapa,
zikachoma lango la ng'ombe kupikia uji,
na hakuna aliyezidai lango.

Ule uliopinda haukurudisha kitu.
Nikapiga tena, kwa nguvu, viganja vikaniwasha.
Kimya.
Ndipo alipokaa mwami, akasema, akiegemea ufagio.
Neno likimfikia, lilitakiwa likae.

Sikujua niliandike kwa mita ngapi.
Nilikaa juu ya lile jiwe hadi mvua ilipovuka ziwa,
nikaona maji yakitiririka kwenye sakafu
yakifuata ule mpindo, taratibu, hayatuami popote,
kana kwamba kuna mtu aliyewaza pia juu ya mvua.
Au kasiksi. Sijui.

Ijumaa karani aliugeuza mchoro juu chini:
Mstari huu mbona umepinda? Nyoosha.
Nikamwambia ndivyo ulivyo.
Hakuna uwanja ulivyo hivyo, akasema,
akatafuta kifutio kwenye droo, akapata vibanio,
mhuri, kipande cha muhogo kwenye gazeti.
Kifutio akakosa. Watu walikuwa foleni.
Akagonga mhuri.

Tundu la yule mke nililichora kwa nukta tatu
kwenye pembe ya nyuma.
Hakuliona.