Kichwa cha Gavana

Nilikinyoa kichwa kile miaka kumi na tisa,
chini ya jengo la Bunge, mjini Helena,
chumba kisicho na dirisha, karibu na mabomba ya joto:
viti viwili, kioo kimoja, na mimi.

Alipokuja mara ya kwanza hakuwa gavana.
Alikuwa Alden Skaar, mbunge mgeni kutoka mashariki,
shingo imebabuka kwa jua la mashamba ya viazisukari,
ndani ya suti ya marehemu baba yake,
mikono imezidi inchi mbili.
Nywele rangi ya ngano iliyochelewa kuvunwa.
"Punguza," akaniambia, "ila usinifanye nifanane nao."
Nikacheka. Nikapunguza. Akafanana nao.

Baba yake, alinisimulia, alinyang'anywa shamba na benki
mwezi wa Februari, mnada ukapigwa thelujini.
Jirani alinunua plau kwa dola moja,
akairudisha usiku, akaiegemeza mlangoni,
hakubisha hodi.
"Serikali," akasema, povu limemjaa kidevuni,
"iwe kama yule jirani."
Baadaye niliyasikia maneno hayo redioni,
yamepigwa pasi, yamekatwa ncha.
Mimi niliyapata yakiwa bado na povu.

Alishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili.
Kulikuwa na dhoruba; wazee wa Bonde la Kersey
walikwenda kupiga kura kwa trekta.
Alijenga barabara. Alileta maziwa shuleni.
Kalamu aliyotilia saini sheria ya maziwa alinipa mimi.
Ilivuja mfukoni siku hiyohiyo.
Sitamnyima haki yake.

Kisha wakaja wale wa makaa ya mawe,
viatu vyao safi mno kwa mwezi wa Machi.
Nao niliwanyoa. Bakshishi yao ilikuwa nono.
Usiku wa kuamkia saini aliketi, akafumba macho:
"Emmett, ungekuwa wewe?"
Wembe wangu ulikuwa kooni pake.
"Mimi ni wa nywele tu, Mheshimiwa."
Jibu la adabu. Nimetembea nalo tangu hapo
kama kijiwe kiatuni.

Muhula wa pili, ndugu yake Torsten
aliingia bila kuvua kofia,
akaweka mezani pangu, kati ya poda na brashi,
chupa ya maji ya kisima chao.
Meusi? Hapana. Rangi ya chai iliyosahauliwa.
Hakusema neno. Akatoka.
Gavana akaitazama chupa kupitia kioo,
yaani kinyume, kushoto kukiwa kulia,
akasema, "Malizia nyuma ya masikio."

Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji.
Ndiyo. Lakini hakuna aliyesema maji yapi.

Muhula wa tatu aliukosa. Hata Kersey walimkataa.
Kesho yake akashuka ngazi peke yake, bila mlinzi,
kunilipa deni: dola mbili na nusu.
Nilikuwa nimelisahau.

Sasa yuko nyumba ya wazee, Billings,
nami hupanda basi Jumanne moja kila mwezi,
na mkono huu unaotetemeka.
Kichwani kumebaki manyoya ya kifaranga.
Siku nyingine huniita Torsten. Naitika.

Jumanne iliyopita nilichovya brashi bakulini,
akanidaka kifundo cha mkono
kwa nguvu za yule kijana wa viazisukari:
"Maji haya yametoka wapi?"
"Bombani," nikasema.
Hakuniachia.