Huruma Nusu

Oulu, Januari, saa kumi na moja alfajiri.
Kipimajoto cha dirishani kinasema ishirini na mbili
chini ya sifuri, nami sibishani nacho.
Navaa suruali juu ya suruali
mpaka magoti yanasahau kukunjika.
Watoto mia mbili na arobaini wanataka uji saa mbili na nusu,
na uji haupokei udhuru.

Baiskeli yangu hulala nje, chini ya kipaa cha bati,
imefungwa kwenye nguzo.
Majirani huniona katili.
Eevert wa ghorofa ya pili, ambaye gari lake
huchomekwa umeme usiku kucha lisigande,
ndiye aliyeanza kuionea huruma:
"Kirsi, iingize ndani. Chuma nacho kina mwili."

Nikamsikiliza. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza.
Nikaibeba vipandio kumi na saba,
nikaiegemeza kwenye bomba la joto la koridoni.
Theluji ikalegea, ikawa maji,
maji yakatafuta kila upenyo:
ndani ya ala ya waya wa breki,
ndani ya tundu la kufuli,
ndani ya friwili, kusikofika jicho wala kitambaa.
Saa nne usiku dimbwi likafika mlangoni kwa Bi. Hellevi,
na Bi. Hellevi akafika mlangoni kwangu.
Nikaitoa nje, mbichi vile vile.

Asubuhi nikapanda, nikakanyaga.
Pedali zikazunguka.
Mnyororo ukazunguka.
Gurudumu likanitazama tu.
Vijino vya ndani vilikuwa vimeganda vimelala,
havishiki kitu, na miguu yangu ikawa
kama mtu anayemweleza kiziwi habari gizani.
Nikaisukuma kilomita saba kando ya mto uliofungwa,
misumari ya tairi ikitafuna barafu, ta, ta, ta,
na uji wa siku ile ulikuwa na madonge,
na watoto, wakiwa watoto, wakaula na madonge yake.

Baridi kamili haijawahi kunidhuru.
Theluji kavu unaikung'uta kwa kiganja,
kama unga kwenye aproni, unaondoka.
Kinachoharibu ni joto la saa mbili,
kisha mlango.

Basi siku hizi ni nje, ni nje kabisa;
au ndani kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu,
mara moja kwa mwezi, katikati ya jiko langu,
juu ya magazeti, miguu juu kama mgonjwa.
Naondoa grisi nene, inayogeuka nta ikipigwa na baridi,
natia mafuta mepesi, tone moja kwa kila pingili,
pingili mia moja na kumi na nne, nimezihesabu.
Chumvi ya barabara kuu imeacha kutu
ya rangi ya mdalasini kwenye spoku.
Naisugua kwa mswaki alioacha Tapani
alipohamia kwa dada yake, miaka mitatu sasa.

Tapani bado hupita, siku za baridi kali.
Anakunywa kahawa amesimama.
Anavua glavu moja.
Anauliza kama nimezoea, anasema labda, labda majira ya kuchipua,
halafu anatazama saa.

Jumamosi iliyopita alinikuta sakafuni,
mikono myeusi mpaka vifundoni.
Nikamwambia bila kuinua kichwa:
"Vua zote mbili, au usivue."
Akacheka. Kisha akauona mswaki,
akautazama kwa muda, nyuzi zake zimelala
upande mmoja, nyeusi tititi,
na kicheko kikamkauka.

Nikazungusha gurudumu la nyuma, nikaliachia.
Friwili ikahesabu yenyewe, haraka, kisha pole,
kila kijino kikianguka mahali pake.
Alikuwa bado mlangoni.
Sikugeuka kuona mikono yake.
Nilikuwa nimebakiza breki ya mbele.