Vifungo vya Graciete

Nilifika Covilhã na karatasi yangu: miduara mitatu inayopishana,
mtu, mahali, shughuli.
Chuoni walituambia tutafute pale inapokutana.

Bwana Adelino, fundi wa mitambo ya sufu
miaka thelathini na minane,
mkono wa kushoto umemlalia mapajani
kama paka wa jirani.

Nikampa shati. Vifungo saba.
Dakika kumi na nne, viwili.
Nikaandika: *Lengo la kwanza, avae mwenyewe.*

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
“Binti, vifungo hivi ni vya Graciete.
Tangu nianguke ananifunga kila asubuhi,
na kutoka kitovuni hadi shingoni
hunisimulia alichoota.
Kiwandani nilirudi kiziwi kila jioni;
hatukuwahi kuongea hivi.
Usininyang'anye.”

Kalamu ikasita.

“Basi wewe unataka nini?”
Swali la ukurasa wa kwanza,
nami nilikuwa nimeanzia wa tisa.

“Chungwa,” akasema. “Kulimenya ganda lisikatike,
Leonor alivae kama bangili.”

Tukatandika kitambaa chenye maji, sahani isiteleze.
Mpini wa kisu tukauviringishia sponji.
Paka akafundishwa kushikilia, basi.
Jumatatu ganda lilikatika mara sita.
Alhamisi, mara tatu, na tusi moja.
Saa nilikuwa nimeiacha garini.

Karatasi ingali mezani kwao.
Ina doa la maji ya chungwa
karibu na katikati,
si katikati hasa.