Kibao cha Sita

Ofisi ya Chake imenipa vibao vitano,
makopo mawili ya rangi, nyeupe na buluu,
na karatasi yenye muhuri: chora mshale, andika masafa.
Mie, Shaame Mwadini wa Konde,
niliyeandika SODA BARIDI kwenye nusu ya maduka ya kaskazini,
leo naagizwa nioneshe wageni njia
ya kwetu.

Kidike nilifika saa nne za asubuhi.
Popo wamening'inia mitini
kama miavuli iliyosahauliwa tangu masika.
Kitoto kimoja kikanishikia kopo, kikauliza,
"Popo wenyewe wanajua kama hapa ni Kidike?"
Sikuwa na jibu. Niliandika polepole,
nisiwavunjie usingizi.

Pujini hapakuwa na mtu ila mbuzi.
Wanasema Mkama Ndume alichimba kisima kimoja
akakitia ukuta katikati, wake zake wasikutane.
Nilichungulia.
Majani yamefunika pande zote mbili,
na chini kule maji hayajapata kuwa na uke wenza.

Ngezi nilikaa siku mbili, sababu ya mvua.
Msitu ule, jua huingia kwa kubisha hodi.
Rangi ilikataa kukauka; E ikateremka
ikaigusa Z, nikaiacha hivyo hivyo.
Usiku komba alilia juu ya paa la mlinzi
kama mtoto anayedai haki yake.

Vumawimbi nilikosea. Niliruka herufi.
Msichana wa skuli akasoma kwa sauti: VUMAWIBI.
Akageukia bahari, akasikiliza,
akarudi kwangu. "Fundi, mbona la kwako halivumi?"
Nikaichomeka M, nyembamba,
kama abiria aliyechelewa.

Na Kengeja nilikuta ng'ombe wanachezwa.
Zumari imepamba moto, kanga zinapepea,
na dume jeusi lililovuta jembe msimu mzima
siku hiyo limeachiwa liringe.
Mbarouk wa Faki alipanda mnazi kwa woga,
akasahau kushuka.
Dume likaja kujikuna kwenye nguzo yangu mbichi.
Mshale tangu hapo unaelekea mbinguni kidogo.
Sikuunyoosha.

Kumbe seremala alikosea hesabu:
kimebaki kibao kimoja,
na buluu kidogo chini ya kopo.
Nikakifunga kwenye baiskeli, nikapita Wete,
mji unaoteremka wenyewe hadi gatini.
Nilikunywa kahawa, nikatafuna kashata.
"Hicho cha wapi?" wakaniuliza barazani.
"Bado hakijaniambia."

Mbele, barabara inapopinda,
wanawake wameanika karafuu juu ya majamvi.
Nusu ya lami ni yao; gari hupita kwa adabu.
Hapo dada yangu Mize alichambua makonyo
miaka kumi na minne,
hata alipopanda boti kwenda Unguja akisema,
"Pemba hakuna cha kutazama."
Sikumlaumu. Aliyezaliwa ndani ya harufu
haisikii.

Nikachimba shimo, nikasimika nguzo,
nikachovya brashi, nikasita.
Mahali hapa panaitwaje?
Mmoja akasema Kwa Time. Mwengine, Konani.
Wa tatu akacheka, ungo mkononi:
"Hapa ni hapa."
Nikakipaka buluu chote, bila neno, bila mshale.

Wageni sasa husimama.
Hukizunguka, hutafuta maandishi nyuma yake,
na wakiwa wameinama hivyo
pua zao huanza kusoma.

Pemba peremba, ukija na joho utarudi na kilemba.
Mie nilitoka na makopo mawili,
nimerudi na kucha za buluu.
Ofisini nimeripoti: vitano vimesimama.
Cha sita sikukitaja.

Juzi Mize kapiga simu.
Kasikia habari za kibao kisichoandikwa.
"Kinaonesha nini?"
Nikamwambia iko boti Jumatano.