Saanane, Si Saa Nane

Nyuma ya risiti ya Luku, kwa kalamu ya kuazima,
Nyanzala anaandika safari.
Ana miaka kumi na mmoja na rula yenye ufa.
Reli ya kwenda Mwanza ameinyoosha
kana kwamba nchi haina kilima hata kimoja.

"Baba mdogo, kisiwa kinafunguliwa saa ngapi?"
Sijui.
"Si saa nane? Jina lenyewe linasema."
Nikacheka hadi cherehani ikakata uzi.
Saanane, mwanangu, ni jina la mtu, halihusiani na saa.
Akafuta. Akaandika upya, neno moja,
akalipigia mistari miwili lisije likaachana tena.

Sisi wa Isevya maji tunayajua kwa ndoo,
kwa bomba linalokohoa alfajiri,
kwa foleni na matusi ya foleni.
Kisiwa tumekiona kwenye kalenda ya benki, mwezi wa nne:
mawe yamepandana mabegani, pimbi wawili juu,
na ng'ambo, karibu kabisa, nyumba za mji
zinachungulia kama majirani wenye maneno.
Mwezi wa nne umepita. Kalenda hatujaigeuza.

"Kama kiko mjini, kwa nini hakijajengwa?"
Wameamua kukiacha.
"Nani aliamua?"
Shona, nikajiambia, shona tu.

Mpango unasema:
bajaji hapana, kwa miguu mpaka stesheni.
Treni, daraja la tatu, dirishani (mimi, kaandika, *mimi*).
Mihogo ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi.
Asali nusu chupa ya kumlainisha mwenye boti.
Soksi.
Nikauliza soksi za nini.
"Ziwani kuna upepo. Mwalimu kasema."

Hapa kwetu ndipo reli inapoachana,
mabehewa yanakatwa usiku watu wakiwa wamelala.
"Tukipanda la Kigoma kwa usingizi?"
Tutaamkia Kigoma.
"Kuna ziwa?"
Lipo. Refu, kina chake usiulize.
"Basi tutakuwa tumekosea vizuri."
Akaliandika hilo pembeni, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayeficha noti kwenye pindo.

Nauli, watu watatu. Boti, watatu.
Kiingilio, mtoto tunaomba apunguziwe.
Jumla ikatimia, ikabaki na chenji ya soda.
Misoji, mama yake, alikuwa anachambua maharage
wala hakuinua uso:
"Na kurudi je?"

Tukaigeuza risiti.
Upande wa pili hakuna nafasi:
tarakimu ishirini za umeme
tuliokwisha kuuwasha na kuuzima.

Jumapili tukafanya majaribio.
Begi tulilijaza unga, kilo kumi, liwe na uzito wa kweli.
Nyanzala mbele na saa ya mama yake,
mimi nyuma, bega likinilaani,
watu wakituuliza msiba uko wapi.
Stesheni mlinzi akatusimamisha:
"Mnasafiri?"
"Bado," akasema. "Tunapima."

Treni ikaja ilipotaka kuja.
Wakashuka wenye madumu, wenye magodoro,
mama mmoja na jogoo aliyetulia kuliko abiria wote.
Nyanzala akasogea, akaweka kiganja
kwenye chuma cha behewa la Mwanza,
akakitoa haraka, akakitazama,
akakirudisha.

Ilipoondoka hatukupunga mkono. Tungempungia nani?

Njiani kurudi begi lilikuwa zito lilelile.
Usiku ule unga tukausonga.
Na yeye, kabla ya kulala, pembezoni mwa tarakimu,
penye upana wa ukucha:

*Dakika 42. Begi lipunguzwe.
Kurudi: njia ni ileile.
Pesa: bado.*