Kinyota Baada ya Jina

Saa tisa usiku. Kisima cha kumi na nne
kinapiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni.
Vali imekwama nusu, haifungi, haifunguki,
na Hallbera binti Ketill, zamu ya tatu mfululizo,
theluji ya Aislandi ikimkwaruzia dirisha,
ameketi mbele ya kompyuta, glavu moja mkononi,
nyingine sijui kaitupa wapi.

Yupo mtu anayeijua vali hii.
Mwaka jana, usiku kama huu, alipiga simu
kutoka kituo kingine, sauti imekwaruza
kama sufuria ikisuguliwa kwa mchanga,
akasema: "Usiilazimishe. Kuna namna."
Namna hiyo Hallbera hakuiandika.
Jina pia hakuliandika. Alibaki na mwanzo wake tu,
Þor, kwa ile herufi yao yenye kitambi,
kilichobaki kikamezwa na mvuke.

Anafungua lango la kampuni, orodha ya watu.
Kisanduku kimoja cheupe kinauliza: Nani?
Anaandika Þor. Hakuna.
Mashine haimjui mtu aitwaye nusu.
Chini, kwa maandishi ya kijivu, kama yanayoona haya:
Utafutaji wa kina.
Anabofya, na visanduku vinachomoka
kama droo za duka la dawa:
jina, idara, kituo, lugha, ujuzi,
mwaka wa kuajiriwa, Bibi au Bwana.

Usichokikumbuka, mwongozo unasema, weka kinyota.
Laiti ningepewa hicho mapema!
Kinyota kwa mwalimu aliyenifundisha kugawanya,
kinyota kwa jirani wa ghorofa ya pili
aliyehama bila kuaga, akaniachia ufunguo
wa mlango ambao hadi leo siujui.

Þor, kinyota. Watu hamsini na wawili.
Þorgeir, Þorkell, Þorvaldur, Þorgrímur wawili
(huko mtu hupangwa kwa jina lake mwenyewe,
la mzazi hufuata nyuma),
wote wakitabasamu mbele ya ukuta uleule.
Idara: visima. Kumi na tisa.
Ujuzi: vali. Sita.
Anaikumbuka ile sauti, anatia tiki: Bwana.
Watatu.
Wa kwanza yuko likizo ya uzazi tangu Novemba.
Wa pili anapokea, usingizi mdomoni,
anazijua vali za kwenye karatasi.
Wa tatu kaajiriwa juzi.

Mluzi umepanda. Chai imefanya utando.
Mtafutaji hachoki, husema wahenga,
lakini wahenga hawakufanya zamu tatu.

Mimi nasimulia kwa lugha inayosema "yeye"
na kunyamaza. Haimwulizi mtu kama ana ndevu
kabla ya kumkaribisha kwenye sentensi.
Lugha ya Hallbera huuliza mlangoni,
naye, usiku ule wa simu, alijibu
bila kujua kwamba ameulizwa.

Anazipitia tiki zake moja moja
kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo.
Hii nina hakika. Hii pia. Hii…
Anaiondoa.

Watatu aliowafungia nje wanaingia,
na wa mbele yao ni Þorgerður binti Ásmundur.
Kituo: ng'ambo ya mlima. Aliajiriwa 1988.
Ujuzi, alivyojaza mwenyewe: kulehemu,
vali zilizokwama, kunyoa kondoo.
Picha ya zamani, mashavu yamebabuliwa na upepo.
Hallbera anaguna peke yake. Uso umemwiva,
yeye aliyevaa buti hizi miaka kumi na moja
akiitwa kijana na kila dereva wa lori.

Simu inalia mara mbili.
Sufuria na mchanga:
"Kisima kipi?"
"Cha kumi na nne."
"Umeilazimisha?"
"Kidogo."
Kimya. Pumzi ndefu. Kitanda kinalia, miguu inatafuta ndara.
"Haya. Safari hii chukua kalamu."